Makala Ipo, Haionekani: Namna ya Kulifikisha Jarida la Kitaaluma kwa Wasomaji

Mtafiti aliyeko Kisumu anataka kujua sumukuvu imeenea kiasi gani katika mahindi ya wakulima wadogo. Anaandika maneno matatu au manne kwenye Google Scholar, anapata makala kutoka Italia, China na Brazil, anazisoma, anazinukuu na kuendelea na kazi yake. Huenda chuo kimoja cha Tanzania au Uganda kilishachapa utafiti mzuri juu ya jambo hilohilo, ila jarida lake limekaa kwenye tovuti isiyosomeka na injini ya utafutaji, au limefungiwa kabatini katika ofisi ya idara. Kwa mtafiti huyo, utafiti ule haupo.

Dawa yake ni kulifahirisisha jarida. Fahirisi tunayoizungumzia hapa ni hifadhi ya kumbukumbu za makala kutoka majarida mengi: kichwa, waandishi, ikisiri, marejeleo na anwani ya makala yenyewe, vyote vimepangwa ili anayetafuta apate kwa mkupuo mmoja. Wazo hili lina umri. Index Medicus, iliyoasisiwa na daktari wa jeshi la Marekani John Shaw Billings, ilianza kutoka mwaka 1879, na warithi wake ni MEDLINE na PubMed zinazotumiwa leo na madaktari dunia nzima. Mwaka 1964 Eugene Garfield alitoa Science Citation Index, iliyofuatilia nani kamnukuu nani. Katika kazi hiyo kikazaliwa kipimo cha athari ya jarida, kile kinachowanyima wahadhiri usingizi wakati wa kupandishwa vyeo. Hesabu yake ni nyepesi kuliko hofu inayoletwa nayo. Ukitaka kipimo cha 2024, unahesabu mara ambazo makala za jarida zilizochapwa 2022 na 2023 zilinukuliwa ndani ya mwaka 2024, kisha unagawa kwa idadi ya makala hizo.

Garfield alichagua majarida machache aliyoyaona kuwa kiini cha sayansi. Yaliyobaki nje yakanasa: hayanukuliwi kwa kuwa hayaonekani, na hayaingizwi kwa kuwa hayanukuliwi. Mwaka 1995 mwandishi W. Wayt Gibbs aliueleza mzunguko huo katika gazeti la Scientific American. Wabrazili hawakusubiri kukaribishwa. Kuanzia 1997 walijenga SciELO, fahirisi yao wenyewe yenye makala kamili zinazosomwa bila malipo, na Afrika Kusini ikajiunga nayo mwaka 2009. Sisi tunayo AJOL, yaani African Journals Online, iliyoanza 1998 kama mradi wa shirika la INASP la Uingereza na kuhamia Afrika Kusini mwaka 2005. Mhariri wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura hana sababu ya kuamini kwamba njia ni moja tu.

Anza na kinachosomwa na mashine

Wahariri wengi huanzia mwishoni. Bodi inakaa, mjumbe mmoja anasema jarida liingie kwenye fahirisi ya Scopus, wote wanaafiki, na kikao kijacho agenda ni ileile. Wakati huo jarida halina hata ISSN ya toleo la mtandaoni. ISSN ni namba ya tarakimu nane inayotolewa na mtandao wenye makao yake makuu Paris. Nchi zenye kituo cha taifa hupitishia maombi huko, na zisizo nacho huomba Paris moja kwa moja. Jarida la karatasi lina namba yake na la mtandaoni lina yake. Jina likibadilishwa kwa kiasi kikubwa, namba mpya hutakiwa, na hapo ndipo historia ya nukuu hukatika vipande. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo mizizi yake ni taarifa za kamati ya lugha zilizoanza kutolewa 1930, limepitia majina kadhaa. Anayetaka kujua limenukuliwa mara ngapi tangu mwanzo hana budi kuyatafuta yote. Wazee wale hawakujua kuwa siku moja kompyuta itahesabu. Sisi tunajua, kwa hiyo jina lifikiriwe mara moja, likae.

Hatua inayofuata ni tovuti. Huna haja ya kununua mfumo wa gharama. Open Journal Systems, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001 na Public Knowledge Project ya Kanada, inatumiwa na maelfu ya majarida duniani, yakiwemo mengi ya Afrika Mashariki. Ubora wake mkubwa ni kwamba huipa kila makala ukurasa wake na kuandika metadata, yaani taarifa za utambulisho wa makala, kwa namna ambayo Google Scholar inaielewa. Toleo zima likipandishwa kama faili moja la kurasa 180, mashine itaona kitu kimoja kikubwa kisicho na mwandishi wala kichwa. Makala kumi zilizomo zitakuwa zimezikwa.

Faili lenyewe nalo lina masharti. Google Scholar inataka PDF yenye maandishi yanayotafutika, isiyozidi megabaiti 5, kichwa cha makala kiwe juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kuliko nyingine, na majina ya waandishi yafuate chini yake. Majarida yetu ya zamani mengi yamepigwa picha kwa skana na kuwekwa mtandaoni hivyohivyo. Kwa mashine, ukurasa wa namna hiyo ni kama picha ya pilau: inaonekana, hailiki. Kujua jarida lako liko upande gani ni rahisi: fungua PDF, jaribu kuburuta kipanya juu ya neno moja ulinakili. Likigoma, faili linahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu alisome na kusahihisha, kwa sababu programu hizo hukosea sana kwenye maneno ya Kiswahili.

Hapa kuna jambo linalowagusa wanaochapa kwa Kiswahili. Mwongozo wa Google Scholar unapoeleza sehemu ya marejeleo hutaja vichwa vya Kiingereza. Roboti ikikutana na “Marejeleo” huenda isiitambue, na nukuu zilizomo zisihesabiwe. Usibadilishe neno kwa ajili ya roboti. Ingiza orodha ya marejeleo kwenye nafasi yake ndani ya mfumo wa jarida, na uiwasilishe pia unaposajili makala Crossref, shirika linalosajili namba za kudumu za makala, maana mifumo mingine kama OpenAlex, ambayo ni ya bure na ilianza 2022, huchota taarifa huko.

Metadata ndiyo kazi ya ndani isiyo na sifa, na ndiyo inayoamua mengi. Mwandishi mmoja akiandikwa kwa jina la ukoo mwanzoni leo, mwishoni kesho, na kwa herufi za kwanza tu keshokutwa, kompyuta itawaona watu watatu, kila mmoja na nukuu zake chache. Chuo kikiandikwa UDSM hapa, University of Dar es Salaam pale na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwingine, vimekuwa vyuo vitatu. Tiba ya majina ya watu ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia bila malipo tangu 2012. Taasisi nazo zina namba zao ziitwazo ROR. Jarida liweke sharti: bila ORCID ya angalau mwandishi mkuu, muswada hauendi kwa wahakiki. Watalalamika mwezi wa kwanza, baadaye watazoea.

Kisha vichwa na ikisiri, na hapa wanafasihi wanisamehe. Tunapenda kichwa chenye mvuto. Tuseme mtu ameita makala yake “Sauti Kutoka Gizani” na ndani anachambua tamthilia za Ebrahim Hussein. Hakuna anayetafuta Ebrahim Hussein atakayeifikia. Aongeze tu kichwa kidogo chenye jina la mwandishi na suala linalochambuliwa, na mvuto utabaki palepale. Kwa watu wa sayansi, taja mahali, zao au ugonjwa, na mbinu. Katika maneno ya msingi, weka istilahi zote ambazo watu wanazitumia kwa kweli: sumukuvu, aflatoksini, na neno la Kiingereza pia. Makala ya Kiswahili iwe na ikisiri mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kila moja iandikwe kwa ufundi. Ikisiri ya Kiingereza iliyopitishwa kwenye programu ya kutafsiri ikaachwa hivyo inalidhalilisha jarida mbele ya mtu wa kwanza kulisoma, ambaye mara nyingi ndiye mkaguzi wa fahirisi.

DOI na viungo vilivyokufa

Chuo kinabadilisha tovuti, mtaalamu mpya anahamisha kila kitu, na viungo vyote vya jarida vinavunjika usiku mmoja. Aliyenukuu makala yako mwaka juzi sasa anampeleka msomaji kwenye ukurasa mtupu. DOI ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hili: ni namba ya kudumu ya makala, na msajili hubadilisha anwani iliyo nyuma yake pale makala inapohama. Namba yenyewe haina uchawi. Usipokwenda Crossref kusahihisha anwani, nayo itampeleka msomaji kwenye ukurasa mtupu uleule.

Uanachama wa Crossref una ada ya mwaka, na kwa miaka mingi ada hiyo ndiyo iliyowakatisha tamaa wahariri wa vyuo vidogo. Tangu Januari 2023 upo mpango wa kuziondolea ada nchi zenye uchumi mdogo, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Majarida yaliyo AJOL huweza kupata DOI kupitia kwake: namba zinazoanza na 10.4314 ni za AJOL. Jarida likishapewa namba hizo kisha likaamua kujisimamia, makala za zamani zibaki na DOI zake. Kuipa makala moja DOI mbili ni kugawa nukuu zake kwa makusudi.

Hifadhi nakala nje ya seva ya chuo pia. Public Knowledge Project ina mtandao wa kuhifadhi majarida yanayotumia mfumo wake, bila ada. Seva za vyuo huungua, hudukuliwa, na wakati mwingine hufungwa kwa sababu ankara haikulipwa.

Fahirisi za kuanzia

Yakikamilika hayo, omba AJOL. Humo msomaji na mkaguzi wanakuta pia alama za JPPS, mfumo uliozinduliwa 2017 na AJOL pamoja na INASP, unaoyapanga majarida kwa nyota kuanzia sifuri hadi tatu kufuatana na taratibu zake za uchapishaji. Ripoti yake inamwonyesha mhariri mapungufu yake mapema, kabla hajaaibika kwingine. Ningekuwa mhariri, ningeanzia hapo.

DOAJ, yaani Directory of Open Access Journals, orodha ya majarida yanayosomwa bure, ndiyo inayofuata, na inahitaji maelezo marefu kidogo kwa kuwa ndiyo inayolifungulia jarida dogo maktaba nyingi za dunia. Ilianza 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ikiwa na majarida 300. Sasa ina zaidi ya 20,000. Haina ubaguzi wa lugha: jarida la Kiswahili linaingia kama la Kiingereza. Maombi ni bure. Masharti yake yanasomeka kama orodha ya adabu za jarida lolote lenye heshima. Makala zote zisomeke bure mara zinapotoka. Leseni itajwe wazi, kwa kawaida mojawapo ya zile za Creative Commons. Jarida litoe angalau makala tano za utafiti kwa mwaka. Bodi iwe na watu wasiopungua watano wanaotajwa kwa majina na taasisi zao. Utaratibu wa uhakiki uelezwe, na ada ya mwandishi, iwepo au isiwepo, iandikwe waziwazi.

Sharti moja huwaangusha wengi kimyakimya. DOAJ hutaka makala ambazo miongoni mwa waandishi wake yumo mhariri, mjumbe wa bodi au mhakiki wa jarida hilo zisizidi asilimia 25 katika kila moja ya matoleo mawili ya karibuni. Majarida yetu mengi yalizaliwa ili idara iwe na mahali pa kuchapa kazi za watu wake. Hilo lilieleweka zamani, ila leo mkaguzi akiona mhariri mkuu na makala mbili ndani ya toleo moja anafunga faili. Ukikataliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita kabla ya kuomba tena. Usiende kubahatisha. Ukishakubaliwa, pandisha pia metadata za kila makala. Yapo majarida yaliyomo DOAJ kwa jina tu, makala zake hazimo, na wahariri wake wanashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Majarida ya afya yana fahirisi ya ziada, African Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani, inayokusanya machapisho ya tiba ya Afrika. Na kwa anayedhani PubMed ni ya wazungu, atazame jarida la African Health Sciences la Makerere. Lilianza 2001 chini ya Profesa James Tumwine, daktari wa watoto. Mwaka 2004 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na washirika wake walianzisha mpango wa kuyaunganisha majarida ya tiba ya Afrika na makubwa ya nje, na jarida hilo likaoanishwa na BMJ ya Uingereza. Leo makala zake zinasomwa kamili katika PubMed Central. Liliendelea kutoka Kampala, likiandika kuhusu malaria, Ukimwi na uzazi kwa macho ya watu wanaoyatibu.

Scopus na Web of Science

Hizi ndizo zinazotajwa kwenye mikutano ya vyeo, basi tuziseme kwa ufupi. Scopus ni ya kampuni ya Elsevier na ilianza 2004. Hutaka jarida lenye historia ya angalau miaka miwili, uhakiki wa wanataaluma rika unaoelezwa hadharani, tamko la maadili ya uchapishaji, ikisiri na vichwa vya Kiingereza, na marejeleo kwa herufi za Kirumi. Makala kamili ya Kiswahili haizuiwi. Uamuzi hutolewa na bodi ya wataalamu, na jarida lililokataliwa huweza kuwekewa muda mrefu wa kusubiri. Web of Science, ya kampuni ya Clarivate, ina vigezo 28: 24 vya ubora na 4 vya athari. Jarida likipita vile 24 huingia kwenye Emerging Sources Citation Index, iliyoanzishwa 2015, na tangu 2023 majarida ya humo pia hupewa kipimo cha athari.

Kikwazo chetu kikubwa hapa ni kalenda. Toleo la Juni linatoka Februari, na yale mawili ya mwaka yanaunganishwa kuwa moja kwa sababu makala hazikutosha. Mkaguzi haoni mgomo wala uhaba wa umeme, anaona ahadi iliyovunjwa. Afadhali jarida litangaze toleo moja kwa mwaka na kulitoa kwa wakati kuliko kuahidi manne na kutoa mawili. Unaweza pia kuchapa kila makala inapokuwa tayari, ukalifunga toleo mwishoni mwa mwaka. Mfumo wa mtandaoni unaruhusu.

Barua pepe za matapeli

Jarida lolote lililo mtandaoni hupokea barua ya pongezi: limechaguliwa kuingizwa kwenye fahirisi ya kimataifa na kupewa kipimo cha athari, kinachohitajika ni ada ndogo. Futa. Scopus, Web of Science, DOAJ na MEDLINE hazitozi jarida hata senti kwa kuliomba au kuliingiza. Kipimo cha athari kinachonunuliwa hakimsaidii yeyote, na nembo yake kwenye tovuti yako humwambia mkaguzi makini kwamba umetapeliwa au unatapeli. Wapo pia wanaoteka majarida, wakitengeneza tovuti bandia yenye jina na ISSN ya jarida halisi ili wakusanye ada za waandishi. Mhariri atafute jina la jarida lake mtandaoni mara kwa mara aone kama lina pacha.

Mwandishi naye asiamini maneno ya tovuti. Orodha ya majarida ya Scopus hutazamwa bure, ya Web of Science ni bure kwa aliyejisajili, na DOAJ ina kisanduku chake cha kutafutia. Tafuta kwa ISSN, usitafute kwa jina, kwa sababu majina hufanana. Ukitaka maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma muswada, kampeni ya Think. Check. Submit. iliyoanza 2015 imeyapanga vizuri.

Vyuo navyo vina lao. Azimio la San Francisco, DORA, lililotangazwa 2013, lilizitaka taasisi ziache kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida na zisome kazi yenyewe. Kamati ya vyeo inayohesabu Scopus tu inawaambia wahadhiri wake wasichape katika jarida la chuo chao, kisha inalilaumu jarida kwa kukosa makala nzuri. Uhariri wa jarida hilo hufanywa usiku, na mtu mwenye vipindi kamili vya kufundisha, bila malipo, bila msaidizi. Mkuu wa chuo anayetaka jarida lionekane ampunguzie mhariri vipindi, aajiri fundi mmoja wa tovuti anayejua mfumo wa jarida, na alipie seva kwa wakati. Asipofanya hivyo, asimuulize mhariri mwakani kwa nini maombi yamekataliwa.